Takwimu za mwaka wa kwanza: simu imeshakokotoa, mwanafunzi anabaki na nini?

Swali la mtihani wa takwimu wa mwaka wa kwanza tunalijua wote tuliopita huko. Unapewa namba ishirini, tuseme uzito wa mifuko ya sukari iliyotoka kiwandani. Tafuta wastani, tafuta mkengeuko sanifu (kipimo cha namna namba zilivyotawanyika mbali na wastani), kisha pima kwa kiwango cha asilimia 5 kama kweli mifuko ina kilo 50. Unakokotoa, unafungua jedwali la t nyuma ya kitabu, unaandika "nadharia tete imekataliwa", yaani dai la kilo 50 limekataliwa, unachukua alama zako na maisha yanaendelea. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, ilipotolewa Novemba 2022, na hasa tangu programu za aina yake zilipoanza kusoma picha, swali hilo linajibiwa na simu. Mwanafunzi anaipiga picha karatasi, na kabla hajamaliza kunywa maji jibu limekuja na hatua zake zote, limepangika kuliko mwongozo wa kusahihishia wa mwalimu mwenyewe.

Wahadhiri wengi wamelichukua jambo hili kama suala la udanganyifu tu. Udanganyifu upo, na nitaufikia. Ila kuna swali linalotangulia: kama simu inaweza kufaulu kozi nzima, kozi hiyo ilikuwa inafundisha nini hasa?

Umbo lake lina historia. Mwaka 1908 William Sealy Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alichapisha kwa jina la kujificha, "Student", njia ya kufikia uamuzi kwa kutumia sampuli ndogo. Mwaka 1925 Ronald Fisher akatoa kitabu cha mbinu za takwimu kwa watafiti, chenye majedwali, na hicho ndicho kilichosaidia sana kueneza desturi ya kuifanya 0.05, yaani ile asilimia 5, kuwa mpaka. Hao walikuwa watu wa kalamu, karatasi na mashine za kukokotoa za kuzungusha kwa mkono. Enzi zao asiyeweza kukokotoa hakuweza kuitumia takwimu kabisa, kwa hiyo ilikuwa haki kozi ijengwe juu ya kukokotoa. Sababu hiyo iliondoka zamani, kozi ikabaki palepale. SPSS, programu ya kompyuta ya kukokotoa takwimu, ilitoka mwaka 1968. Chama cha Takwimu cha Marekani kiliidhinisha mwongozo wa kufundishia mwaka 2005, kikaurudia mwaka 2016, na ujumbe wake mkuu ni uleule: fundisheni kufikiri kitakwimu, tumieni data halisi, punguzeni kukaririsha kanuni. Vyuo vingi vilitikisa kichwa kukubali, kisha vikaendelea na mifuko ya sukari.

Basi kipya ni kipi? Kikokotoo kilichukua hesabu. SPSS ilichukua kanuni, lakini bado ilikutaka ujue pa kubonyeza, na ikishakutolea jedwali la matokeo ilikuacha nalo mwenyewe. Akili mnemba inachagua jaribio, inalifanya, halafu inakuandikia aya nzima ya hitimisho kwa Kiingereza kilichonyooka. Kuchagua na kueleza ndiko walimu tulikokuwa tukijitapa kwamba "hapo ndipo tunapopima uelewa". Sasa napo pamevamiwa, na bila kupaangalia kwa karibu hatutajua kilichosalia.

Tuchukue mfano mmoja tuumenye. Wagonjwa 8 wamepimwa presha, wakapewa dawa, wakapimwa tena baada ya mwezi. Namba nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Kabla ya dawa: 150, 142, 160, 138, 155, 147, 165, 143. Baada ya dawa, kwa mpangilio uleule wa watu: 146, 139, 155, 135, 150, 144, 159, 140. Wastani umeshuka kutoka 150 hadi 146.

Mwanafunzi ananakili safu hizi mbili, anazibandika kwenye programu na kuandika: linganisha makundi haya mawili. Neno "makundi" limeshamponza. Programu ikimwamini, itafanya jaribio la t (ile njia ya Gosset) la makundi mawili yasiyohusiana. Itapata t ya takriban 0.91 na thamani ya p ya karibu 0.38 (maana yake nitaieleza hapo mbele; kwa sasa jua tu kwamba iko juu ya mpaka wa 0.05), kisha itaandika kwa adabu kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa presha imebadilika. Hesabu ni sahihi hadi nukta ya mwisho. Hitimisho ni bovu, kwa sababu haya si makundi mawili. Ni watu walewale 8, kila mmoja amepimwa mara mbili. Ukiwatazama mmoja mmoja, tofauti zao ni 4, 3, 5, 3, 5, 3, 6 na 3. Hakuna hata mmoja aliyepanda. Jaribio la t la jozi linatoa t ya takriban 9.5, na thamani ya p inakuwa ndogo mno, chini sana ya 0.001. Data ni zilezile ila majibu yamepishana kabisa.

Nitaitendea haki programu: mara nyingine itauliza kama ni watu walewale, na mara nyingine itakisia vizuri kwa kuona maneno "kabla" na "baada". Lakini jibu la swali hilo halimo ndani ya jedwali. Liko kwa nesi aliyeshika kipimo cha presha na daftari. Mwanafunzi anayejua kwamba namba huja na namna zilivyokusanywa ataitaja namna hiyo tangu mwanzo, na asiyejua hata kosa hataliona. Kwa hiyo "kuchagua jaribio" kama stadi ya kukariri, ile chati ya mishale tunayowapa wanafunzi, imekwisha thamani. Kinachobaki na thamani ni kujua jedwali lilizaliwaje.

Mfano huuhuu unafaa kueleza thamani ya p, mahali ambapo kozi nyingi huzama. Weka majedwali kando. Tuseme dawa haifanyi kitu chochote, basi presha ya mtu kushuka au kupanda ni bahati tu, sawa na kurusha sarafu. Wote 8 wameshuka. Sarafu ikirushwa mara 8, uwezekano wa kutoka kichwa mara zote ni 1 kati ya 256. Ukihesabu na upande wa pili, kwamba wote wangeweza pia kupanda, unapata 2 kati ya 256, takriban 0.008. Hiyo tayari ni thamani ya p, imepatikana bila kanuni yoyote ya kutisha. Na maana yake inaonekana wazi: ni uwezekano wa kuona matokeo kama haya, au ya kupindukia haya, endapo dawa haifanyi kazi. Haisemi kuna uwezekano gani kwamba dawa haifanyi kazi. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko rasmi kukumbusha jambo hilo, na waliokuwa wakikumbushwa ni watafiti wazima, wenye shahada zao.

Bado hatujamaliza na wagonjwa wetu. Tuseme sasa mwanafunzi amechagua jaribio sahihi na kupata p ndogo. Je, dawa imefanya kazi? Hatujui. Walichaguliwaje hao 8? Kama walichukuliwa kwa sababu siku ile presha yao ilisoma juu, baadhi yao wangeshuka hata wangepewa maji ya sukari, maana kipimo kilichokuwa juu isivyo kawaida siku moja, siku nyingine huelekea kurudi karibu na kawaida. Francis Galton alilionyesha hilo mwaka 1886 akilinganisha kimo cha wazazi na cha watoto wao. Dawa ya presha hujaribiwa kwa kuwa na kundi la pili lisilopewa dawa hiyo, na kundi hilo hapa halipo. Hakuna programu itakayolizalisha kwa hesabu. Darasa likifika hapa limejifunza kitu, na halijakokotoa zaidi ya kutoa namba nane.

Je, tuache kabisa kukokotoa kwa mkono? Mimi nasema hapana, ila kwa kiasi. Mwanafunzi atafute mkengeuko sanifu wa namba tano kwa mkono, mara moja au mbili, aone jinsi namba moja iliyo mbali inavyouvuta. Kisha apewe data nne alizotunga Francis Anscombe mwaka 1973: wastani wa x ni 9 katika zote nne, wastani wa y ni takriban 7.5, mstari wa uhusiano ni uleule, na kiwango cha uwiano, yaani jinsi x na y zinavyokwenda pamoja, ni karibu 0.82. Ukizichora, moja ni wingu la kawaida, moja ni upinde, moja ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyoasi, na ya nne imesimama wima ikiwa na nukta moja pembeni. Wiki moja ya haya inatosha. Muda uliobaki wa muhula uende kwingine.

Na kwingine kwenyewe, pengine bila wengi kutarajia, ni akili mnemba hiyohiyo. Programu hizi huunda jibu kwa kuchagua kipande cha neno kinachofuata kulingana na uwezekano, ndiyo maana swali moja laweza kuleta majibu mawili tofauti. Kwa mwalimu wa takwimu hiyo ni zawadi. Mwambie kila mwanafunzi katika darasa la watu 100 aiulize programu swali moja, lenye jibu linalojulikana, kisha mkusanye majibu. Tuseme 80 wamepata jibu sahihi. Makosa sanifu, yaani kiasi ambacho kadirio huyumba kwa bahati ya sampuli, ni asilimia 4, kwa hiyo mkienda mara mbili yake kila upande mnakadiria usahihi kati ya asilimia 72 na 88. Hapo sasa anza kuwachokoza. Kadirio hilo ni la nini? Ni la swali hilo moja, kwa programu hiyo, wiki hiyo. Ukitaka kusema "programu hii hupatia asilimia 80 ya maswali ya takwimu" ulipaswa kuchukua sampuli ya maswali, nawe umechukua sampuli ya majibu. Kosa hilo hufanyika hata katika tafiti za watu wazima: sampuli kubwa, ya kitu ambacho si kilichokusudiwa.

Ukubwa wa sampuli hauponyi ugonjwa huo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kura za maoni takriban milioni 10, likarudishiwa karibu milioni 2.4, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitolewa kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya miaka ya dhiki kuu ya uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Hebu weka kisa hicho kando ya programu iliyofunzwa kwa maandishi ya intaneti. Maandishi ni mengi kupita kiasi, lakini Kiswahili ndani yake ni kidogo, na maisha ya mama ntilie wa Tandale ni madogo zaidi. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini mamilioni ya kura yalidanganya hahitaji kusomewa hotuba ya maadili kuhusu upendeleo wa akili mnemba.

Sasa udanganyifu. Vyuo vilipobanwa, vingine vilikimbilia programu za kunusa maandishi ya mashine. Kampuni ya OpenAI yenyewe ilitoa ya kwake Januari 2023, ikakiri wazi kwamba katika majaribio iliyatambua maandishi ya mashine kwa asilimia 26 tu, na ikayasingizia maandishi ya binadamu kwa asilimia 9. Julai mwaka huohuo ikaiondoa kwa sababu haikuwa ya kuaminika. Namba hizo mbili ni somo zima la uwezekano wenye masharti, na ajabu ni kwamba wanaozihitaji zaidi ni wahadhiri.

Chukua darasa la watu 200. Tuseme 50 wametumia mashine na 150 wameandika wenyewe. Asilimia 26 ya 50 ni 13: hao wamenaswa kwa haki. Asilimia 9 ya 150 ni 13 au 14: hao hawana hatia. Kwenye orodha ya karibu watu 27 watakaoitwa ofisini, nusu wameonewa, huku wahalifu 37 wakiwa kantini wanakula chipsi. Darasa likiwa la waaminifu zaidi, hali inaharibika zaidi. Wakiwa 20 tu waliotumia mashine, watanaswa 5, na wasio na hatia kati ya wale 180 watakuwa 16. Yaani robo tatu ya washtakiwa ni watu waliokesha wakiandika. Kipimo hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni idadi ya wenye kosa katika kundi. Hesabu hiihii ndiyo ya kipimo cha ugonjwa adimu, lakini ukiifundisha kwa barua ya wito wa kamati ya nidhamu hakuna atakayesinzia.

Na asilimia 9 haigawanywi sawa. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu programu saba za kunusa kwa insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Anayeandika kwa msamiati mdogo na sentensi za kawaida huonekana kama mashine. Mwanafunzi aliyesoma Kayumba, shule ya kawaida ya serikali, akajitahidi na Kiingereza chake cha darasani yuko hatarini kuliko yule wa shule ya kimataifa. Mimi ningeziweka programu hizo kwenye somo kama mfano, nisiziweke kwenye meza ya hukumu.

Kama hatuwezi kunusa, kazi yenyewe ibadilike. Njia ninayoiamini ni kuwatuma wanafunzi wakakusanye data zao. Waende sokoni watafute bei ya nyanya. Inaonekana kazi ya mtoto mpaka ufike pale. Huyu anauza kwa fungu, yule kwa sado, wa jumla kwa tenga. Fungu la asubuhi si fungu la jioni, nyanya zikianza kulainika linaongezwa mbili. Bei aliyotajiwa mwanafunzi mwenye begi mgongoni si aliyotajiwa mteja wa kila siku. Utaandika shilingi kwa nini? Utapima fungu kwa mzani au utahesabu nyanya? Utakwenda saa ngapi, meza zipi, na mwenye meza aliyekataa kujibu utamwandika wapi? Maamuzi yote hayo ni ya takwimu, na yanafanyika kabla hata namba moja haijaingia Excel. Baada ya hapo programu ikokotoe itakavyo.

Kuna atakayebaki hosteli na kuiambia programu imtungie data za wafanyabiashara 50. Itamtungia, kwa ukarimu. Lakini data za kutungwa mara nyingi huwa safi mno. Binadamu akiulizwa umri huangukia kwenye 0 na 5: thelathini, thelathini na tano, arobaini. Katika sensa na tafiti nyingi za Afrika mrundikano huo ni jambo linalojulikana, na una kipimo chake, kielelezo cha Whipple, kinachotazama umri wa miaka 23 hadi 62. Kikisoma 100 hakuna mrundikano, kikisoma 500 kila mtu ametaja umri unaoishia na 0 au 5. Kipato nacho hutajwa kwa elfu hamsini hamsini. Dodoso lenye watu wa miaka 37, 43, 28 na 51 wanaopata shilingi 187,400 kwa mwezi linatia shaka, ingawa si ushahidi, tusije tukarudi kwenye kosa la programu za kunusa. Muulize mwanafunzi alisimama wapi na mwenye meza alisema nini. Dakika tatu zinatosha.

Dakika tatu mara 300 ni saa 15, najua. Kozi hizi ndizo zenye madarasa makubwa, kilimo, biashara, uuguzi na sosholojia wote wamejaa ukumbi mmoja, na msaidizi wa mhadhiri ni mmoja. Watano watano kwa kundi inawezekana, na kuhoji wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu inawezekana pia. Hiyo nayo ni sampuli, waeleze hivyo. Jambo la pili la kuangalia ni bando. Mwenye kulipia programu bora kila mwezi na anayesubiri bando la usiku hawafanyi kazi moja, kwa hiyo zoezi linalotegemea programu lifanyike kwa ile ya bure, au kwa matokeo ambayo mwalimu ameshayachapa kwenye karatasi. Faida nayo isifichwe: mihadhara ni ya Kiingereza, na mwanafunzi anayeweza kuiomba programu imweleze tofauti ya mkengeuko sanifu na makosa sanifu kwa Kiswahili, mara nne, bila kuona haya, amepata kitu ambacho ukumbi wa watu 300 haukuwahi kumpa.

Mtihani wenyewe waweza kubaki wa kalamu na karatasi, bila simu. Swali moja ambalo ningeliweka ni hili:

"Mtafiti alituma dodoso kwenye makundi ya WhatsApp ya chuo. Wanafunzi 1,200 walijibu, na asilimia 91 walisema wana simu janja. Programu ya akili mnemba imeandika: Kwa uhakika wa asilimia 95, kati ya asilimia 89.4 na 92.6 ya wanafunzi wa chuo hiki wana simu janja. Hesabu ni sahihi. Eleza kwa nini sentensi hiyo haifai kuchapishwa, kisha pendekeza namna ya kukusanya data ambayo ingeifanya ifae. Alama 20."

Mwongozo wa kusahihishia: alama 8 kwa atakayeona kwamba asiye na simu janja ni nadra kuwepo kwenye kundi la WhatsApp, 4 kwa atakayeeleza kwamba kiwango cha uhakika hupima bahati ya kuchagua sampuli tu na hakigusi kasoro ya namna watu walivyopatikana, 8 kwa pendekezo linalotekelezeka, kwa mfano kuchagua majina kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya usajili na kuwafuata walipo. Anayekokotoa upya hapati kitu. Kusahihisha swali kama hili kunachukua muda kuliko swali la mifuko ya sukari, hivyo karatasi iwe na maswali mawili, yasiwe matano.